Bizari Kwanza, Mbatata Baadaye

(Mazungumzo haya niliyatoa Jumamosi alasiri mbele ya wazee, kina mama na vijana wa mtaa wetu hapa Unguja. Waliokuwa kazini na walioko safarini wameomba yaandikwe, nami nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.)

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliojibanza karibu na mlango: ahsanteni kwa kuja. Nimepika melini miaka 26. Mwenyekiti alipokuja kunialika nilimwambia naweza kuzungumza juu ya vyakula mia. Akanambia, mzee, chagua kimoja, watu wakirudi nyumbani waweze kukipika. Nikachagua mbatata. Mbatata za bizari, ule unga wa viungo vilivyochanganywa, na pilipili, kama zinavyopikwa Trinidad, kisiwa cha Karibiani.

Kuna sufuria huko uani kwenye jiko la mkaa. Mnaisikia harufu? Anaiangalia binti yangu, na nimemwomba asiifungue mpaka nimalize. Kwa hiyo nisikilizeni, kwani nina neno moja la kuwaambia leo, na nitalirudia mpaka mlizoee: bizari kwanza, mbatata baadaye. Tuseme pamoja. Bizari kwanza, mbatata baadaye.

Mwaka 1991 meli yetu ilifunga gati Point Lisas, bandari ya viwanda upande wa magharibi wa Trinidad. Tulikwenda kupakia urea, ile mbolea. Kisiwa chenyewe ni kama Unguja tatu kwa ukubwa, na Venezuela iko jirani kabisa. Pale bandarini hapana cha kutazama ila matangi na mabomba. Siku ya pili nikapata ruhusa ya kushuka, nikapanda gari mpaka Couva, mji mdogo ulio karibu. Wakati ule miwa ilikuwa imeuzunguka mji pande zote. Kiwanda cha sukari cha Brechin Castle kilikuwa bado kinasaga. Kilifungwa mwaka 2003.

Nikashuka garini, na kitu cha kwanza kunipokea kilikuwa harufu ya uzile, ile bizari nyembamba. Uzile uliokaangwa mkavu, ukaanza kubadilika rangi, ukatwangwa ungali wa moto. Nilisimama pale pale. Mliowahi kuishi ugenini, si mnalijua jambo hili? Miezi saba hujasikia harufu ya kwenu, halafu inakujia kwenye kona ya mtaa usioujua hata jina. Nikaifuata.

Ikanifikisha kwenye kibanda cha mbao cha mama mmoja mtu mzima, kajitanda mtandio mweupe, mbele yake tawa kubwa la chuma na sufuria mbili. Nikamuuliza kuna nini ndani ya sufuria. Akasema, "Aloo." Nikachungulia. Nikamwambia, mama, hizi kwetu tunaziita mbatata. Akaniuliza, kwenu wapi? Nikamwambia Zanzibar. Akalirudia neno, mbatata, mbatata, kama mtu anayeonja kitu. Kisha akanikunjia chapati yenye mbatata ndani, akaniuliza pilipili kiasi gani.

Siku ile sikujua nilichokuwa nimemwambia. Nilikuja kujua baadaye kwa kusoma, na nilipojua sikupata usingizi. Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibiani tangu kabla ya Columbus kufika mwaka 1492, walikuwa na zao walilokuwa wakiliita batata. Lilikuwa kiazi kitamu. Wahispania wakalichukua neno hilo. Walipofika milima ya Andes, kwenye Peru na Bolivia ya leo, wakakuta watu wanalima kiazi kingine, hiki cha mviringo, nao wamekilima maelfu ya miaka. Majina yakachanganyika. Wareno wakakiita batata hiki cha mviringo, wakakibeba kwenye majahazi yao. Wagujarati wanasema bateta. Sisi tunasema mbatata.

Tazameni basi. Neno limezaliwa Karibiani, limevuka bahari mbili, limetua sokoni Darajani, na kila asubuhi mama zetu wanalitamka wakiuliza bei. Na kule lilikozaliwa, mama wa Couva anaziita mbatata zake kwa neno la Kihindi, aloo. Neno la visiwa vile tunalo sisi, na wao wanatumia neno la wageni. Ndiyo maana mtu akinambia kwamba chakula hiki si cha kwetu, namuuliza: jina lake unalo mdomoni, ugeni uko wapi?

Na si neno hilo tu. Sisi uzile, Mombasa wanaita jira, Trinidad wanaita geera. Sisi achari, wao achar. Tawa ni tawa huku na huko. Sisi kachori, wao wana kachourie, ingawa yao ni ya dengu na yetu ni ya mbatata. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama yule, upande wa pili wa dunia, nikisikia maneno ya jikoni kwa bibi yangu.

Nani aliupeleka uzile Trinidad?

Kwenye makoloni ya Waingereza, Trinidad ikiwemo, sheria ya kuondoa utumwa ilianza kazi mwaka 1834, na watumwa wakawa huru kweli mwaka 1838. Wenye mashamba ya miwa hawakutaka kuwalipa watu wale wale ujira wa haki, wakatafuta mikono mingine. Wakaitafuta India. Tarehe 16 Februari 1845 meli iliyoitwa Fatel Razack ilitweka kutoka Calcutta. Tarehe 30 Mei ikatia nanga Trinidad. Hesabuni siku: 103. Ndani yake watu zaidi ya 200, wameweka dole gumba kwenye mikataba ambayo wengi hawakuweza kuisoma. Mwaka huo huo meli nyingine, Blundell, ikawashusha wengine Jamaika. Mpaka safari hizo zilipokomeshwa mwaka 1917, Trinidad peke yake ilikuwa imepokea watu kiasi cha 144,000. Wengi walikuwa wakulima wa Bihar na majimbo ya jirani, wasemaji wa Kibhojpuri. Wahindi wetu hapa wengi wao ni watu wa Kutch na Gujarat waliokuja kwa biashara. Ndiyo maana wao aloo na sisi mbatata.

Mimi nimekaa baharini, siku 103 nazijua. Nazijua nikiwa na jokofu, na jiko la umeme, na nanga ya uhakika. Sasa mfikirieni mama aliyezikaa chini ya sitaha, na mtoto, na posho yake ya mchele, dengu, manjano na chumvi. Mama huyo hakushuka na mali. Alishuka na mkono wake unaojua kukaanga viungo. Kisiwani akakuta pilipili asizozijua, kali kuliko zote alizowahi kula. Akakuta jani linaloitwa chadon beni, linanukia kama kotmiri ila linanukia zaidi. Akavitia sufuriani. Hivyo ndivyo kilivyopatikana chakula hiki: bizari ya India, mbatata ya Andes, pilipili na majani ya Karibiani, na moto wa watu waliorudi jua limezama kutoka kukata miwa.

Mbatata yenyewe haipendi joto la pwani. Trinidad wananunua kutoka nje. Jamaika wanailima kwenye milima ya Manchester, mkoa wa huko huko kwao, na wanaiita "Irish" tu, yaani ya Kiairishi. Sisi nasi tunaletewa kutoka Lushoto, Njombe na Mbeya. Trinidad na Unguja, visiwa vyote viwili vinasubiri mbatata ya watu wa mbali.

Sasa ndugu zangu, tuingie jikoni.

Nilirudi melini jioni ile nina hamu ya kupika. Kesho yake nikawapikia mabaharia 22. Nilifanya kama nilivyozoea, na kama wengi wenu mnavyofanya, msinifiche: kitunguu, tungule, mbatata, maji, halafu bizari vijiko kadhaa juu, nikafunika. Rangi ilikuwa ya kupendeza. Sahani zikarudi nusu. Mhandisi mkuu, mtu wa maneno machache, akaja mlangoni akanambia, "Mpishi, chakula kinakwaruza ulimi." Nikaonja. Alikuwa na haki. Manjano yalikuwa mabichi na machungu, uwatu ulikuwa mchungu zaidi, na mchuzi ulikuwa kama una vumbi. Niliumia sana, maana mtu aliyeko baharini miezi saba hana furaha nyingine isiyokuwa sahani yake.

Mvua ikanyesha siku ile. Urea haipakiwi kwenye mvua, inavuta maji na kuganda. Kwa hiyo meli ikabaki, nami nikarudi Couva. Nikamwambia yule mama, nimeharibu. Hakunicheka. Akanisogezea kigoda nyuma ya meza akanambia, "Kaa, tazama mikono yangu, usitazame sufuria."

Nami nawaambia nyinyi, tazameni mikono yangu.

Alichukua bakuli dogo. Akatia bizari, vijiko viwili vya chakula vilivyojaa kwa kilo moja ya mbatata. Akatia maji kidogo kidogo, akakoroga mpaka ikawa rojo nzito kama uji wa mtoto. Akaiacha. Kwa nini maji, na bizari inakwenda kwenye mafuta? Kwa sababu unga mkavu ukigusa mafuta ya moto unaungua mara moja, na bizari iliyoungua haina dawa. Ile rojo inakupa nafasi: maji yanakauka kwanza, na unga unaiva polepole.

Akabandika sufuria nzito. Mafuta vijiko vitatu. Kitunguu kimoja, akakiacha mpaka kikaanza kubadilika pembeni. Thumu punje tano zilizopondwa, nazo hazikukaa sana. Kisha akaimimina ile rojo yote kwa mara moja. Ikalia! Nikadhani sasa atatia mbatata. Hakutia. Nikadhani sasa atatia maji. Hakutia. Alikaa anageuza na mwiko wake, anageuza, anageuza. Akanambia, "Hapa ndipo watu wanapokimbia."

Mnasikia, kina mama? Hapa ndipo watu wanapokimbia.

Dakika ya kwanza rojo inachemka na rangi bado ni ya manjano mabichi. Dakika ya pili maji yanapungua, inaanza kuwa nzito. Dakika ya tatu inashika chini ya sufuria. Unakwangua, inashika, unakwangua. Dakika ya nne au ya tano inachambuka chembe chembe kama mchanga uliolowa, rangi inaingia kahawia, na mafuta yanajitenga yanang'aa pembeni. Na harufu inageuka. Mwanzo ilikuwa harufu ya duka la viungo. Sasa ni harufu ya chakula. Ukifika hapo umefika. Ukiona inataka kuungua kabla ya hapo, nyunyizia maji kijiko kimoja uendelee.

Harufu na ladha ya viungo vingi imo kwenye mafuta yake ya asili, na mafuta hayo hayatoki kwenye maji. Yanatoka kwenye mafuta wenzake. Ukitia bizari kwenye maji, utaipata rangi na uchungu, na ile ladha yenyewe itabaki imejifungia. Dakika tano zile ndizo zinazoifungua. Basi tuseme tena: bizari kwanza, mbatata baadaye.

Hapo sasa akatia mbatata, zimemenywa na kukatwa vipande vya vidole viwili. Akazigeuza humo humo bila maji, dakika nyingine tano au sita, mpaka kila kipande kimevaa bizari na pembe zake zimeanza kukaukiana. Akatia chumvi. Ndipo akatia maji, ya moto, yakazifikia mbatata usawa wa juu. Maji baridi yanaishtua sufuria, na yanakupotezea muda. Akaweka pilipili moja nzima juu, akafunika, moto wa wastani, dakika 20 mpaka 25.

Zilipoiva akachukua nyuma ya upawa akaziponda robo yake. Robo tu! Zile zilizopondwa zinaufanya mchuzi uwe mzito, unashikana na chapati wala hauteremki mkononi. Mwisho kabisa akatia kijiko kimoja cha chai cha uzile uliokaangwa na kutwangwa, na konzi ya chadon beni iliyokatwakatwa. Sisi tutatia kotmiri, na vijiti vyake msivitupe, katakateni vidogo, harufu kubwa imo humo. Akafunika tena dakika mbili, moto umezimwa.

Hayo ndiyo yote. Kuna kitu chochote hapo hamkipati Darajani? Hakuna. Hata kimoja.

Kijana mmoja pale ameinua mkono anauliza kama bizari ya paketi inafaa. Inafaa, mwanangu. Mama wa Couva naye alitumia ya paketi. Lakini ifungue uinuse kabla ya kuinunua nyingi, maana iliyokaa dukani mwaka mzima imekwisha pumzi, na dakika tano za kukaanga haziwezi kuirudishia. Ukitaka ya kusaga mwenyewe, basi giligilani iwe nyingi, kisha manjano, uzile, uwatu kidogo, pilipili manga na haradali. Wajamaika wanaongeza pimento, punje kavu zinazonukia kama karafuu, dalasini na kungumanga kwa pamoja, na jikoni wanapenda kutia na taimu. Wakipika wao utaijua kwa harufu ile.

Sasa pilipili. Hapa naomba utulivu, maana hapa watu wanakosea sana.

Pilipili ya Karibiani ndiyo hii yetu ya mbuzi. Ni jamii moja, ile iliyokunjamana kama kofia, ina harufu ya tunda. Wajamaika wanaiita Scotch bonnet kwa sababu inafanana na kofia za Waskoti. Na watu wa Bahamas wanaiitaje? Wanaiita pilipili ya mbuzi. Wao kwa Kiingereza, sisi kwa Kiswahili, jina lile lile. Ukali wake hupimwa kwa kipimo cha Scoville, na ya kawaida inafika kati ya 100,000 na 350,000. Trinidad wana moja inayotoka Moruga, kusini mwa kisiwa. Mwaka 2012 watafiti wa chuo kikuu cha New Mexico State walipima baadhi ya miche yake wakakuta imepita milioni mbili. Hiyo siwashauri.

Lakini nisikilizeni: pilipili kwenye sufuria hii haitiwi kwa ajili ya kuunguza watu. Inatiwa kwa ajili ya ile harufu ya tunda. Ndiyo maana inawekwa nzima, na kikonyo chake, haikatwi, haitobolewi. Inaelea juu, inalainika kwa mvuke, inatoa harufu na ukali kidogo tu. Kabla ya kuponda mbatata unaitoa kwa kijiko, taratibu, kama mtu anayebeba yai. Anayetaka ukali atakwenda kuichukua mwenyewe pembeni ya sahani yake. Mtoto na mgonjwa watakula pamoja na mpenda pilipili kutoka sufuria moja. Je, si adabu nzuri hiyo ya mezani?

Safari ya baadaye nilikuwa na msaidizi jikoni, kijana hodari, ana nguvu. Nikamwachia sufuria ya mbatata za watu ishirini na kitu nikaenda ghalani. Akaikoroga kama anavyokoroga ugali. Pilipili tatu zilikuwa ndani, zikapasuka zote. Sikujua mpaka watu wamekaa mezani. Baharia mmoja aliinuka macho yanamtoka machozi, akanywa maji ya barafu bilauri nzima, akazidi kuungua. Akanywa nyingine. Nikampokonya bilauri nikampa maziwa. Kile kinachowasha ndani ya pilipili hakiyeyuki kwenye maji. Maji yanakisambaza mdomoni tu. Kinayeyuka kwenye mafuta, na maziwa yanakibeba kikaondoka. Maziwa, mtindi, au hata kipande cha mkate chenye siagi. Likumbukeni hilo hata kwa pilipili za urojo.

Na jingine. Watu husema ukali umo kwenye mbegu. Umo zaidi kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu. Ukitaka kuikata pilipili, toa utando. Na ukishaikata, pakaa mafuta mikononi kwanza, sugua, ndipo uoshe kwa sabuni. Mjukuu wangu aliikata, akanawa maji matupu, akajigusa jicho. Ile jioni sitaki kuikumbuka. Nyumba nzima ilikuwa imesimama kwa mtoto mmoja.

Juu ya kuchagua mbatata sina mengi. Chagueni ngumu, ya ngozi kavu. Yenye rangi ya kijani iacheni, ina sumu, na kuchemsha hakuiondoi. Nyingine hurojeka upesi. Hizo zikateni vipande vikubwa na msizifunike muda wote. Basi.

Na tui? Najua mnasubiri niseme juu ya tui. Mtaniwia radhi, silitii. Nalipenda tui kwenye samaki, kwenye kisamvu, kwenye mbatata zetu za nazi za asubuhi. Lakini kwenye sufuria hii tui linaifunika bizari uliyoihangaikia dakika tano, linaifanya pole. Bizari hii inataka kusimama wazi. Mwenye kupenda atie, kwake ni kwake, lakini naomba mara ya kwanza mpike bila tui, muijue kwanza.

Nimalizie na jambo la nyumbani.

Safari ile ya 1991 ilipokwisha nilirudi nyumbani, mtaa wa Ng'ambo hapa mjini, kwa mama yangu, Mungu amrehemu. Nikamwambia mama, leo usiingie jikoni, nitakupikia chakula cha Trinidad. Akakaa kwenye mkeka karibu na mlango wa uani anapepeta mchele. Nikatia rojo ya bizari kwenye mafuta, nikawa nageuza, nageuza. Nikamwona ameacha kupepeta. Hakusema kitu. Tukala, hakusema kitu. Alipokwisha kunawa mikono akaniuliza, "Nani kakufunza kuikaanga bizari mpaka itoe mafuta?" Nikamwambia, mama mmoja wa kule. Akakaa kimya kidogo. Kisha akanambia, "Bibi yako alikuwa akiikaanga hivi. Mimi niliacha. Mlikuwa saba, mlikuwa mnalia njaa, sikuwa na hizo dakika."

Nilikuwa nimekwenda mpaka Couva, ndugu zangu, kufunzwa kitu cha jikoni kwa bibi yangu. Mama yangu hakuwa na dakika tano, na simlaumu. Nani kati yenu atamlaumu? Lakini kuanzia siku ile mpaka anafariki alikuwa akinambia, nikirudi tu kutoka safarini hata begi sijaweka chini, "Kakaange bizari, niisikie."

Binti yangu ananiashiria kwamba mkaa unakwisha. Haya, lete sufuria. Chapati ziko kwenye kile kikapu, zimefunikwa kitambaa. Wazee waanze. Vijana, nawieni mikono hapo nje, kuna birika. Pilipili nimeitoa nzima, ipo kwenye kisahani pembeni. Anayeitaka aichukue kidogo kwa ncha ya kijiko, na maziwa yapo.

Bismillahi. Karibuni.